Gunia Tupu Juu ya Mizani

Mtu wa kwanza kushika kipaza sauti kwenye mazishi ya Sista Rael alisema kwamba marehemu, katika miaka yake yote ya uuguzi, hakuwahi kukosea hata siku moja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa nne, chini ya hema la kukodi, viatu vimezama kwenye tope jekundu la Bomet, na nikahisi hasira ya zamani ikinipanda. Sikumkasirikia marehemu, kwa maana nilimpenda. Nilikasirikia uongo ule wa heshima, kwa sababu ndio uliotufanya tutende tuliyotenda mwaka ule. Hapa kwetu mtu akivaa koti jeupe hakosei, na akifa ndiyo kabisa. Nikageuza kichwa nitafute uso mwingine wowote unaokataa, nikamwona Atieno amesimama karibu na masufuria ya wapishi, amemshika mkono msichana wa miaka sita aliyevaa sweta ya shule. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule. Alinitambua kabla sijamtambua. Akainua nyusi kidogo, kama mtu anayeuliza: umesikia hiyo?

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, digrii ya kemia ndani ya bahasha, na mkataba wa miezi kumi na miwili katika hospitali moja ya huku kwenye chai ambayo sitaitaja. Nilikuwa mtu wa maswali, na nimebaki hivyo. Mhubiri akitaja jambo nilitaka kujua amelitoa wapi, na mtu akiniambia dawa fulani ya miti inatibu, nilimuuliza imemtibu nani. Kazi ile niliiona kama iliyoumbwa kwa ajili yangu. Dawa ya maji anayopewa mtoto si dawa tupu. Ndani yake kuna dawa kidogo, halafu kuna vitu vingine vya kuifanya iyeyuke, isioze, isiwe chungu: kileo, glaikoli, vihifadhi. Wewe na mimi ini letu huvimaliza vitu hivyo kabla chai haijapoa. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, mwenye kilo moja na kidogo, hana ini la namna hiyo, na kila dozi inakuja juu ya mabaki ya dozi iliyotangulia. Utafiti wetu ulikuwa wa kupima mabaki hayo. Nilipoelezwa hivyo siku ya kwanza nilijiuliza kwa nini nchi nzima hailizungumzii jambo hili, na sijaacha kujiuliza.

Maabara yetu ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya shuka, na hata baada ya kupakwa rangi kiliendelea kunuka sabuni ya mche. Katikati palikuwa na mashine ya kutenganisha kemikali, iliyokuja ikiwa imetumika miaka mingi chuo kikuu, na kando yake friza ndogo, stuli mbili na dirisha lililotazama mashamba ya chai yakishuka hadi mtoni. Mtoto wa kilo moja, damu yake yote haijazi kikombe cha chai, kwa hiyo hatukuwa na ruhusa ya kumtoa damu kwa ajili yetu. Tulipewa masalio: tone lililobaki baada ya kupima umanjano, dogo kama punje ya mtama. Mkojo tuliupata kwa kuweka pamba ndani ya nepi, kisha kuikamua pamba hiyo kwa bomba la sindano. Wauguzi walinicheka waliponiona nimeinama nikikamua pamba kwa makini ya mtu anayekamua ng'ombe. Mashine ilichora kila kitu kama kilima kwenye skrini, na kadiri kitu kilivyokuwa kingi ndivyo kilima kilivyopanda. Nilizoea kukaa pale saa nzima nikingoja vilima vitokeze, nikila andazi la jana, nikijiona mtu wa maana.

Sista Rael alikuwa msimamizi wa wodi ya watoto wachanga. Mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kwaya, aliyesema "tawa" kwa dawa na "tamu" kwa damu, na mtoto akilia alimwimbia wimbo wa kanisa kwa Kipsigis mpaka anyamaze. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya faili. Faili ya mgonjwa haifutwi, haipakwi rangi nyeupe, haichanwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke bado, unaandika lililo kweli pembeni, na watu wawili wanatia sahihi, muuguzi na daktari. "Kosa linabaki hapo, lakini limefungwa kamba," aliniambia. Nilipenda sana sheria hiyo. Niliona ni sheria ya watu waaminifu.

Kila Alhamisi tulikutana ofisini kwa Daktari, mkuu wa utafiti, ambaye sitamwita kwa jina lingine. Alikuwa mtu wa nyumbani, wa upande wa Litein, msomi, mcheshi, mkarimu wa maandazi na chai ya chupa. Wiki moja nilimpelekea tokeo la ajabu. Tone la damu la mtoto mmoja lilikuwa na kilima cha kileo kirefu kuliko chochote nilichokuwa nimeona, na dawa ya degedege aliyokuwa akipewa, kwa mujibu wa orodha yetu, haikuwa na kileo hata kidogo. Daktari aliuliza mtoto ni wa nani. Sista Rael akasema ni wa mke wa mwalimu mkuu. Daktari akacheka, akasema hiyo ni spiriti ya kupangusia kisigino kabla ya kuchoma, niandike sampuli imechafuliwa. Sista alilalamika kwamba wodi yake iliacha spiriti siku utafiti ulipoanza, wanatumia maji ya chumvi. Daktari akamtania kwamba hata mikono mizuri husahau. Nikaandika: imechafuliwa. Mkojo wa mtoto huyo hatukuwa nao, kwa hiyo hapakuwa na cha kubishia, na chai ilikuwa tamu.

Wiki mbili baadaye kilima kile kile kikarudi. Safari hii kilitoka kwa mtoto wa kike wa Atieno, mchuma chai wa shamba moja kubwa, aliyeishi kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi ambako wengi ni watu waliotoka upande wa ziwa. Mtoto alikuwa amepata degedege siku ya pili, akaanzishiwa dawa ile ile ya maji kwa mpira wa puani. Nilikuwa na damu yake na mkojo wake pia. Na hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusikia makosa ya wengine. Ni mimi niliyesema kwa sauti ya ushindi kwamba safari hii si spiriti, kwa kuwa spiriti ya ngozi haiwezi kuingia kwenye mkojo. Kileo hiki, nikasema, kimepita mwilini mwa mtoto. Nilikuwa nimeufunga mlango mmoja vizuri kabisa, na sikutazama nani amebaki ndani.

Daktari alimega andazi. "Mama ni wa wapi?" akauliza.

Sikumsikia akiuliza mtoto anapewa dawa gani. Aliuliza mama ni wa wapi.

"Wa laini," Sista akajibu.

"Basi," Daktari akasema.

Neno hilo moja ndilo lililofanya kazi yote. Nilijaribu. Nilisema palikuwa na glaikoli nyingi pia, na chang'aa, pombe ya kienyeji waliyomshuku nayo mama, haina glaikoli. Akasema matone ya vitamini yana glaikoli, angalia orodha, na kweli orodha ilisema hivyo. Nilisema maziwa ya mama hata akiwa amelewa chakari hayawezi kumpa mtoto kileo kiasi kile. Akasema nani ametaja maziwa. Wanawake wa kule huwapaka watoto chang'aa kwenye ulimi ili walale. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Na mimi nilikuwa nimeshasikia maneno hayo hayo kwenye chumba cha wauguzi cha kubadilishia nguo, wakiyasema huku wakila githeri, na siku ile nilicheka nao. Nilikuwa nimesoma miaka minne namna ya kushuku kila kitu, lakini kitu hicho sikukishuku, kwa sababu kilisemwa na watu wangu kwa lugha ya nyumbani.

Sista Rael aliandika kwenye faili yale aliyosomewa na Daktari: mama anatumia pombe, asimnyonyeshe wala kumkamulia mtoto, ofisi ya watoto ijulishwe. Mtoto akaanza kupewa maziwa ya kopo. Atieno aliruhusiwa kukaa kwenye hosteli ya akina mama, na kumtazama mtoto kupitia kioo saa za kutembelea, kama mgeni.

Siku tisa zilipita hivyo. Nataka msomaji azihesabu kama alivyozihesabu yeye. Katika hosteli ile akina mama walikuwa wakiamka kila baada ya saa tatu, wanajipanga kunawa mikono, wanaingia wodini, wanajikamua kwenye vikombe vya plastiki vyenye majina, wanarudi wakipiga soga. Atieno alinawa nao, kisha akasimama mlangoni. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa kwenye foleni ile ile, na kikombe chake kilipokelewa kila mara kwa asante. Watoto wawili, kilima kimoja, karatasi mbili zenye mwandiko wangu. Hakuna aliyepanga ubaya. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo: hapakuwa na mtu mbaya ofisini mle, palikuwa na chai na watu wenye elimu.

Siku ya tisa, mchana, nilikwenda chumba cha kumwagia maji machafu kuosha vichupa vyangu, nikamkuta Atieno ameinama juu ya sinki anajikamua. Maziwa yalitoka kidogo, mistari miembamba miwili mitatu, akayafungulia bomba yakaenda. Alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya kwanza ili yasikauke. Nilitaka kutoka, lakini alikuwa ameshaniona kwenye kioo.

"Wewe ndiye wa ile mashine?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

"Na mashine ilisema mimi nakunywa?"

"Ilisema kuna pombe kwa damu ya mtoto."

Akafunga blauzi polepole. Alikuwa ananizidi miaka michache tu, mikono yake ina weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni. Alisema hajawahi kuionja, mamake mzazi aliuawa na kitu hicho, lakini haniombi niamini. "Hiyo pombe nimekunywa wapi, dada? Kwa hii hospitali hata chai yenu haina majani." Nilicheka kabla sijajizuia, na yeye akacheka kidogo, halafu uso ukarudi ulivyokuwa.

"Kule kwetu kwa mizani," akasema, "karani akiniambia majani yangu iko na maji, mimi simlilii. Namwambia aweke gunia tupu juu kwanza, sisi wote tuone. Maana gunia yenyewe ikinyeshewa inabeba uzito, na wewe unalaumiwa bure. Sasa nyinyi mko na masomo. Mimi hamkunipima, mmenisema tu. Na hiyo chupa mnamwekea kwa mpira, hiyo mmeipima?"

Nilisimama na vichupa vyangu mkononi. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa orodha. Tulikuwa na orodha ya dawa zote za wodi na vilivyomo, iliyonakiliwa kutoka kwenye lebo mwanzoni mwa mwaka. Lakini dawa ile ya degedege haikufika wodini ikiwa na lebo. Famasi ililetewa madebe makubwa, ikajaza vichupa vidogo vya kahawia, na juu yake ikabandika plasta iliyoandikwa kwa kalamu jina la dawa na vipimo. Debe likibadilika, plasta haibadiliki. Kila mtu hospitalini alijua kwamba dawa hiyo huadimika na huletwa na yeyote atakayeipata. Mimi nilijua pia. Mimi ninayechungulia mizani ya kila mtu sikuwa nimeweka gunia tupu juu ya mizani yangu.

Mfamasia alikataa kunipa hata tone bila barua ya Daktari, na Daktari alikuwa kwenye semina Nairobi. Nikamwendea Sista Rael. Nilitarajia anifukuze, maana nilikuwa namwambia kwamba pengine ni mkono wake uliowapa watoto pombe. Alinisikiliza amekaa kwenye kiti cha chuma karibu na hita, mtoto wa mtu mwingine kifuani. Kisha alinyanyuka, akamlaza mtoto, akachukua kichupa cha kahawia kwenye trei, akavuta mililita moja kwa bomba la sindano na kunikabidhi. "Nitaandika imemwagika," akasema. "Nenda upime haraka, kabla nijiulize mara mbili."

Sikungoja saa nzima. Nilipunguza dawa ile kwa maji mara kumi, na bado kilima cha kileo kilipasua juu ya skrini, na cha glaikoli kando yake kama kaka na dada. Nilipunguza mara mia ndipo vikaonekana vilele vyote viwili. Dozi ile ya kwanza, ile nzito inayotolewa kuzima degedege, kwa mtoto wa kilo moja ilikuwa sawa na mtu mzima kunywa hadi kuyumba. Tulikuwa tumewalewesha sisi, kwa mpira wa puani, kwa saa zilizoandikwa vizuri kwenye chati. Sista Rael alikuja kuangalia skrini, ananusa sabuni ya mche na kupepesa macho. Hakuuliza maana ya vilima. Aliweka mkono mdomoni, akakaa kwenye stuli yangu, akasema kwa Kipsigis jina la Mungu, mara moja tu.

Atieno aliruhusiwa kunyonyesha kesho yake asubuhi, kwa amri ya Sista, kabla Daktari hajarudi. Walimnywesha uji wa wimbi na chai ya maziwa iliyokolea majani, Sista akamkanda matiti kwa kitambaa cha moto, wakamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Yalitoka matone. Siku iliyofuata yalitoka machache zaidi, na siku ya nne hayakutoka. Ninaweza kurudia kipimo mara tatu nikiwa na shaka. Maziwa ya mama hayangoji matokeo.

Daktari aliporudi alikuwa mwepesi, na lazima nimpe haki yake. Siku hiyo hiyo madebe yalitolewa famasi, barua zikaandikwa, hospitali za jirani zikapigiwa simu, na watoto wengi wa Kericho na Bomet ambao hawatanijua kamwe wakapona sumu ile. Baadaye yaliandikwa kama matokeo yasiyotarajiwa, kwa Kiingereza kizuri. Lakini nilipomwekea mezani faili ya mtoto wa Atieno na kumwomba apige mstari, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mdogo wake asiyejua dunia. Alisema mambo yameisha, mtoto anaongeza uzito, ofisi ya watoto imeambiwa ipuuze. "Ukifungua hiyo ukurasa unafungua kesi," akasema. "Huyo mama mwenyewe ameshasahau." Karatasi ya mtoto wa mwalimu mkuu aliirekebisha siku ile ile, kwa sababu ilikuwa ni takwimu.

Niligombana naye, kwa adabu kwanza kisha bila adabu, na mkataba wangu ulipoisha haukurefushwa. Nimefanya kazi kwingine tangu hapo. Kila mahali nimeitwa mgumu, na kila mahali swali langu la kwanza limekuwa lile la Atieno, nalo huwakera watu kuliko yote niliyofundishwa chuoni.

Baada ya kuzika tulipanga foleni ya wali na kabichi, tukaenda kukaa na sahani zetu kwenye ukuta wa mawe nyuma ya boma, mimi, Atieno na msichana, ambaye anaitwa Achieng na ambaye alikula nyama yake kwanza kisha ya mamake. Nilimuuliza Atieno nini kimemleta mbali hivi. Alipangusa vidole, akatoa mkobani mfuko wa plastiki wenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na nyuma ya cheti, karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya ule ukurasa.

Alinieleza kwamba Sista Rael alikwenda kwenye laini mwaka aliostaafu. Alishuka barabarani, akapanda kilima kwa miguu akiwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na ile karatasi, akauliza nyumba baada ya nyumba. Hakukaa hata chai ichemke. Alimwambia amekuja kusema mbele ya majirani kwamba yeye ndiye aliyeandika, na kwamba alikosea, na kwamba ameandika alikosea. Majirani walisimama milangoni wakasikia. "Ndiyo maana hiyo maneno ya kipaza sauti imenichoma," Atieno akasema. "Mama wa watu alipanda kilima na miguu mbaya akasema amekosa. Leo wanamnyang'anya."

Niliifungua karatasi. Juu ya maneno yale, mama anatumia pombe, ulipita mstari mmoja ulionyooka, na maneno yalisomeka chini yake, yamefungwa kamba. Pembeni, kwa mwandiko ule mkubwa wa darasa la zamani: Si kweli. Kileo kilitoka kwa dawa yetu. Chini yake sahihi ya Sista Rael na tarehe, na chini ya sahihi, mstari mwingine aliouchora kwa rula, na mbele yake neno moja, Daktari. Mstari huo haukuwa na kitu.

Achieng, ambaye mwaka huu ameanza kusoma, alijisogeza katikati yetu akaweka kidole chenye mchuzi kwenye pengo lile. "Mama, nani hajaandika hapa?" akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeuliza jambo aliloliuliza mara nyingi.

Mama yake hakukasirika, wala hakuondoa kile kidole. Alimtajia jina la yule mtu, majina yote matatu, polepole, silabi kwa silabi, na kungoja mpaka mtoto akaweza kulirudia.